Kuacha Sukari Katika Mji wa Sukari

Ninyi wasichana mnaokuja uani kwangu kujifunza upishi, kitu cha kwanza ninachowanyang'anya ni upawa. Mnaninunia. Nawasikia mkinong'ona kwamba bibi huyu mchoyo, hataki hata watu waonje. Basi leo nitawaeleza sababu yake, na maneno yatakuwa marefu. Aliyeacha sufuria motoni kwao na aende akaiepue kwanza.

Kuonja ni kazi ya ulimi. Tumbo halijui chumvi. Unachovya ncha ya kijiko cha chai, unaigusisha ulimini, unajua kilichopungua, umemaliza. Hivyo ndivyo alivyonifundisha Fundi Amina, mama wa Kingazija aliyepika karamu za Waislamu wa Mahajanga, mji wa bandari kwa Wamalagasi, tangu mimi sijaota meno. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama mwiko wake. Mimi sikumsikiliza. Nilikuwa nachota upawa mzima wa mchuzi wa mbuzi, naumaliza, nasema, "Bado kidogo," nachota mwingine. Fundi Amina ananitazama, anatikisa kichwa: "Zalihata, wewe huonji. Wewe unakula arusi kabla bwana arusi hajanawa mikono."

Na nani angenikataza? Zama zile za Wafaransa, kwetu, mwili wa mwanamke ndio uliomsemea mumewe kwa watu. Nilipotoka Antanimasaja, mtaa wetu pale Mahajanga, kumfuata mume wangu Saindu kisiwani Nosy Be, nilikuwa msichana wa kiasi. Kila niliporudi kupika arusi ya jamaa nilikuwa nimeongezeka, na wanawake wakinipokea kwa vigelegele. "Mashallah, Saindu anajua kulisha!" Nikajivuna. Nikaongeza.

Siku moja nilishuka bandarini Mahajanga na kapu langu la vyombo, nikaita puspus, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu. Mvutaji alikuwa kijana wa kusini, kifua kama mlango. Nilipopanda tu, mikono ya kigari ikaenda juu naye akaning'inia, miguu haigusi chini. Watu wa bandarini walicheka mpaka wakakaa. Yule kijana hakucheka, alikuwa na adabu. Alimwita mwenzake akamwambia kwa Kimalagasi, "Ndugu yangu, njoo usukume, nimepata abiria na shangazi yake." Shangazi sikuwa naye. Nilikuwa peke yangu.

Nilicheka na mimi, maana ukichekwa na bandari nzima ni heri ucheke. Lakini njia nzima nilisikia jinsi vijana wale wawili walivyohema, na mimi niliyekaa kitini nilikuwa nahema vilevile.

Hata hivyo, si hilo lililonibadilisha. Aibu ya mlaji huisha sahani inayofuata ikifika. Kilichonibadilisha ni kidole cha mguu wa Saindu.

Tulikaa Dzamandzar, hukohuko Nosy Be, mji ulioota kukizunguka kiwanda cha sukari. Msimu wa kusaga miwa, hewa yenyewe ilikuwa tamu. Ukianika nguo, unazianua zinanata. Saindu alikuwa mtu wa mizani ya magunia. Mimi nilipika katika jiko la kiwanda, wali na maharagwe ya wafanyakazi. Nyumbani tulikuwa na binti yetu Sitti, na mama yake Saindu, Koko Mariamu. Koko kwetu ni bibi; Sitti alimwita hivyo, na mtaa mzima ukafuata. Maneno yao nitawapa kwa Kiswahili ili mnielewe. Wenyewe tulisema Kikomoro ndani ya nyumba, Kisakalava sokoni, na Kifaransa cha kuokoteza mbele ya wakubwa.

Sukari tuliitumia kama wengine wanavyotumia maji. Chai haikuitwa chai mpaka kijiko kisimame chenyewe. Koko Mariamu alikuwa na mkate wake wa mchele na nazi, ule tulioukaanga kwenye vikaango vya udongo, na akiumwagia sukari juu ungali moto, Saindu alikula mpaka jasho limtoke.

Basi alijikwaa kwenye ukingo wa mizani, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Kidonda kidogo, kitu cha kupaka majivu na kusahau. Hakikupona. Kikawa cheusi pembeni. Naye Saindu akawa na kiu isiyokwisha. Anamaliza mtungi, anatoka nje, anarudi kwenye mtungi. Pale alipokwenda haja ndogo nyuma ya nyumba, sisimizi walipiga mstari. Koko Mariamu akasema ni uchawi wa mtu aliyeitaka kazi ya mizani. Mimi nikasema twende hospitali.

Daktari wa Hell-Ville, mji mkubwa wa kisiwa, alikuwa Mfaransa mwenye ndevu nyekundu, na muuguzi wa Kimalagasi ndiye aliyetufasiria. Daktari alikigusa kidole, akanusa, akapima mkojo, akasema maneno mafupi.

"Anasema damu yako ina sukari," muuguzi akatuambia.

"Mwambie," Saindu akajibu, "tunakokaa sisi hata mende wana sukari."

Muuguzi alitaka kucheka akajizuia. "Anasema tena, wali upunguze sana, sukari uiache, mwili wako upungue. Atakupa dawa, lakini dawa peke yake haitoshi. Kidonda kisipoanza kufunga, atakata kidole. Mkichelewa, atakata mguu."

Hapo Saindu hakuwa na mzaha tena. Daktari akanigeukia mimi, akanitazama kuanzia juu hadi chini, na safari ya macho yake ilikuwa ndefu. Akasema kitu. Muuguzi akainamisha kichwa kwa haya. "Anasema, dada, nawe upungue. Mgonjwa hawezi kula peke yake."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mpishi mwenye hasira hapiki, anachemsha. Nilichemsha kabichi. Bila nazi, bila kitunguu, bila huruma. Nikamfungia Saindu bakulini akaenda nalo kazini. Baadaye wenzake waliniambia alimpa ng'ombe wa mkokoteni wa miwa, na ng'ombe akageuza uso. Wanangu, andikeni hili vichwani mwenu: chakula cha mgonjwa kisipokuwa kitamu, umempikia ng'ombe, na ng'ombe naye ana haki ya kukataa.

Nikaona nitumie akili. Sisi tulikula sinia moja, kila mtu na upande wake, na mnajua sinia lilivyo, hakuna anayejua amekula kiasi gani, kila mmoja anadhani wengine ndio waliomaliza. Nikachukua bakuli la bati, nikalifudikiza katikati ya sinia, juu yake nikajenga mlima wa wali. Kwa macho, wali ulikuwa uleule wa siku zote. Ndani, nusu yake ilikuwa hewa.

Siku kadhaa nilishinda. Saindu alikuwa anasema, "Leo nimeshiba upesi," nami naitikia kama sijui kitu. Mpaka siku ya Ijumaa, baada ya swala, Koko Mariamu alipochimba upande wake kwa vidole vyake vitatu, na wote tukasikia: kong!

Akasimamisha mkono. Akachimba tena. Kong! Akauondoa wali taratibu mpaka bati likang'aa.

"Zalihata."

"Labeka, mama."

"Tangu lini katika nyumba hii tunakula vyombo?"

Sitti akacheka, nikamtazama akanyamaza. Nikajaribu kueleza, "Mama, daktari alisema wali upungue, nami nikaona..."

"Daktari! Mimi nilimlea huyu mtoto bila baba, nikihangaika, ili siku moja ashibe. Sasa ameshiba, unakuja wewe kumrudisha kwenye njaa? Na unamrudisha kwa hila, wali juu, bati chini? Ukimnyima mwanangu, mimi nitampa."

Na kweli alimpa. Niligundua kwa sababu jikoni hakuna siri, sufuria zinasema. Vikaango vya mkate vilikuwa na joto nikitoka kazini. Chai ya Saindu ilikuwa inanata kikombeni. Mama mtu alikuwa anamwua mwanawe kwa mapenzi, na kila nilipotaka kusema, nilikumbuka kuwa mapenzi yale ndiyo yaliyomkuza mume wangu. Unamgombezaje mtu wa namna hiyo? Nilikwenda jikoni kiwandani nikalia mbele ya moshi, ili watu wadhani ni moshi.

Halafu nikakumbuka jambo. Koko Mariamu hakuwa amemsikia daktari. Alinisikia mimi. Na neno la mkamwana, mbele ya mama mkwe, lina uzito wa pamba.

Tulipokwenda tena Hell-Ville nikamwambia, "Mama, safari hii twende wote. Wewe ndiye unayemjua mwili wake tangu utotoni, daktari akiuliza mimi sitajua la kujibu." Akavaa nguo yake ya Idi. Daktari alifungua kitambaa, na kidole kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Hakupaza sauti. Alichora kwa kidole chake mstari juu ya mguu wa Saindu, si kwenye kidole, juu zaidi, chini kidogo ya goti. Mstari ule haukuhitaji mkalimani.

Koko Mariamu aliuona. Alimshika yule muuguzi mkono. "Mwanangu, muulize. Kama ataacha vitamu kuanzia leo?"

Muuguzi akauliza, akarudi na jibu. "Anasema, mama, akiacha kweli, atasubiri. Lakini kweli."

Tulipofika nyumbani Koko Mariamu aliingia uani, akavichukua vikaango vyake vya mkate, akavipanga kimoja ndani ya kingine, akavifunga kwa kanga kuukuu na kuviweka juu ya kabati. Kisha akakaa kizingitini kama mtu aliyefiwa.

Hapo ndipo mimi, mpishi wa karamu, niliposema neno bora kuliko yote niliyowahi kusema jikoni. Nilikaa chini karibu naye nikamwuliza, "Mama, alipokuwa mdogo, kabla ya kiwanda, mlikuwa mnakula nini?"

"Tulikuwa maskini," akasema. "Hatukuwa na kitu."

"Lakini alikua. Alikula nini?"

Akafikiri. Walikaa Katsepy, ng'ambo ya ghuba ya Mahajanga. "Samaki wa kuchoma," akasema. "Nikimtia ukwaju. Na majani, majani mengi, majani yoyote. Mchele ulikuwa ghali, nilikuwa nautia kiganja tu. Na kabaro nikizipata." Kabaro ni zile kunde pana nyeupe, Mahajanga nzima inazijua kwa nazi. "Na sukari hatukuwa nayo. Tulikunywa maji ya ukoko." Akanitazama vizuri. "Alikuwa mtoto mwenye nguvu, unajua. Alipanda minazi kama popo."

"Basi nipikie hivyo, mama. Mimi sivijui."

Nilikuwa navijua, wanangu. Mpishi gani wa Mahajanga asiyejua kabaro? Lakini alihitaji mtu wa kumfundisha, nami nilimhitaji mwalimu wa nyumba yangu. Kesho yake alikuwa jikoni kabla yangu.

Sasa sikilizeni namna tulivyofanya, maana hapa ndipo penye kazi. Kabaro tuliziloweka tangu jioni, tukamwaga maji yake, tukazichemsha na tangawizi na manjano. Tui la kwanza tuliliacha. Tulitia tui la pili, jepesi, mwisho kabisa, likichemka mara moja unaepua. Watu hudhani utamu uko katika tui zito. Utamu uko katika tangawizi iliyotwangwa papo hapo. Samaki tulimchanja mbavuni, tukampaka ukwaju na pilipili na chumvi kidogo, tukamchoma kwa makaa ya vifuu. Ukwaju una ujanja: ulimi ukipata ukali wa kutosha, hauulizi sukari iko wapi. Na chai tuliibadilisha. Wali ukishaiva, ule ukoko uliobaki chini tuliuunguza kidogo mpaka unukie, tukamwaga maji juu yake, yakachemka, yakawa rangi ya shaba. Wamalagasi wote wanayanywa, tajiri na maskini. Saindu alianza kuyanywa kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Baadaye akawa anayadai kabla hajavua kofia.

Sinia hatukuliacha, maana kula sinia moja ni udugu, na sikutaka mume wangu ale peke yake kama aliyetengwa. Tuligeuza mpango wake. Katikati nikaweka majani na samaki, wali nikautandaza pembeni, ukanda mwembamba, kila mtu anaona wa kwake mbele yake na unapokwisha anajua umekwisha. Hakuna bati, hakuna hila. Nyumba nzima tulikula hivyo. Sitti alilalamika, Koko Mariamu akamwambia, "Mjukuu wangu, baba yako anapigania mguu, wewe unapigania wali?" Hakulalamika tena.

Mimi nilikuwa na njaa. Sitawadanganya. Nilipika kiwandani sufuria ambazo ningeweza kuoga ndani yake, na mkono wangu ulikuwa unauendea upawa wenyewe. Nikaanza kwenda kwa miguu Ambondrona, ufukweni, kununua samaki wa asubuhi kwa wavuvi. Mwanzoni nilikuwa napumzika kila baada ya shamba la miwa. Nafuata reli ndogo ya magari ya miwa, naona jiwe nakaa. Nilikuwa nafika samaki wazuri wameshanunuliwa, nakuta vimebaki vidagaa tu. Kadiri siku zilivyokwenda mawe yakapungua. Ikafika siku nilikuta mitumbwi ndiyo kwanza inavutwa juu, na mvuvi mmoja akaniuliza, "Mama, umekuja na nani? Yule mnene yuko wapi?" Nilimnunulia samaki wake bila kuomba apunguze.

Kidonda cha Saindu kilianza kuwa chekundu, kisha waridi, kisha kikafunga. Daktari alikigusa, akampiga Saindu begani kwa nguvu, akasema jambo refu, na muuguzi akalifupisha: "Amefurahi." Akaamuru Saindu asitembee peku tena maishani. Saindu, ambaye hakuwahi kuvaa viatu ila Idi, akanunua viatu vya turubai, na jioni akaanza kutembea nami reli ileile. Kazini wenzake walimpandisha kwenye mizani, upande mmoja yeye, upande wa pili gunia la sukari. Zamani gunia lilikuwa linapaa. Siku hiyo alipaa yeye. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama Sitti, sukari imenishinda uzito," na hiyo ndiyo mara ya kwanza baada ya siku nyingi kumsikia akifanya mzaha juu ya sukari.

Na sasa arusi. Sitti aliolewa Mahajanga, kwetu Antanimasaja, na karamu niliipika mimi. Pilau ilikuwapo, halua ilikuwapo, sikumnyima mgeni kitu. Arusi ni arusi. Lakini pembeni niliweka sinia zangu, kabaro za tui jepesi, samaki wa ukwaju, majani, na mitungi ya maji ya ukoko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa salova mpya, ile nguo yetu ya kujizungushia mwilini, na ilinizunguka mpaka ikabaki ya kumfunika mtu mwingine.

Wanawake hawakunipigia vigelegele. Waliangaliana. Shangazi yangu Husna, mwenye mdomo kuliko wote, akanikumbatia, akanishika kiuno, akawageukia wenzake. "Masikini. Ama anaumwa, ama Saindu amefilisika. Mtoto tulimpa amejaa, anaturudishia fimbo." Nikasikia mwingine anasema labda nimeongezewa mke mwenza. Nilisimama na sinia mikononi.

Koko Mariamu alikuwa amekaa juu ya mkeka na wazee. Aliinuka. Hakuinuka kwa shida kama zamani, aliinuka mara moja.

"Husna," akasema, "mtazame mwanangu."

Saindu alikuwa uani kule kwa wanaume, na vijana wa arusi walikuwa wamemvuta ngomani. Baba wa bibi arusi anacheza ngoma kwa viatu vya turubai, vumbi linaruka.

"Daktari alitaka kuukata mguu ule. Hapa," na akachora mstari kwenye mguu wake mwenyewe, mbele ya wanawake wote. "Anayecheza pale, anacheza kwa mguu uliookolewa na chakula. Mke wake hakukonda kwa kunyimwa. Alikuwa anakula alichokula mumewe, sahani kwa sahani. Yupi kati yenu amemfanyia mumewe hivyo?"

Husna akaangalia sinia nililolishika. Akanyoosha mkono, akamega samaki, akatafuna polepole, kama mtu anayetafuta kosa na hapati.

"Huu ukwaju," akasema, "mnautia kabla ya moto au baada?"

"Kabla," nikaanza, lakini Koko Mariamu alikuwa ameshanipita.

"Njooni jikoni," akawaambia. "Nitawaonyesha. Mimi ndiye niliyeikataza sukari katika nyumba ile tangu siku ya kwanza. Huyu Zalihata alikuwa bado anahangaika na kabichi."

Wakamfuata wote, shangazi Husna mbele. Nilibaki na sinia langu, nikamsikia kupitia ukutani anavyowaeleza juu ya tui la pili, na juu ya ukoko, na jinsi wali unavyotandazwa pembeni, kila kitu sawasawa, na kila kitu chake yeye. Sikufungua mdomo. Katika kazi hii nimepikia wakubwa na wadogo na nimesifiwa sana, lakini sijawahi kujivuna kama dakika ile niliyoibiwa sifa.

Daktari alikuwa amesema tutakaa na Saindu miaka michache tu. Aliona wajukuu, akawafundisha kutembea reli ya miwa. Alikufa mzee, kwa homa ya siku chache, kitandani kwake. Nami ndiye niliyeosha miguu yake, yote miwili.